Utafiti wa rangi uwafikie mafundi

Apitaye mbele ya karakana ya batiki huona vitambaa vimeanikwa, navyo vyapendeza macho. Akizunguka nyuma, mara nyingi hukuta mtaro wa maji mekundu au ya samawati yakielekea mtoni. Ni huko nyuma tunakopaswa kutazama.

Si rangi yote inayoshika uzi. Rangi nyingi za pamba hutiwa chumvi na magadi ili zishike, na hata hivyo sehemu yake hubaki majini na kumwagwa. Rangi hizo zimeundwa zisichujuke kwa jua wala sabuni. Sifa hiyo impendezayo mnunuzi ndiyo izifanyayo zidumu mtoni. Maji yakifunikwa na rangi, mwanga haupenyi, mimea ya majini hudhoofika na samaki hukosa hewa.

Wataalamu wa vyuo vikuu hawajalala. Kwa miaka mingi wamechunguza namna ya kunasa rangi kwa vitu tunavyovitupa: magunzi ya mahindi, maganda ya kahawa, vumbi la mbao, hata gugumaji. Vitu hivi hukaushwa au kuchomwa vikawa makaa yenye vitundu vingi vidogo, na rangi hunaswa humo. Lakini majaribio mengi hufanyiwa chupani, kwa rangi moja iliyokorogwa katika maji safi. Maji ya karakana yana rangi kadha, chumvi, magadi na nta. Isitoshe, makaa yaliyonasa rangi nayo ni taka. Yakitupwa ovyo, tutakuwa tumeruka majivu na kukanyaga moto.

Hapa ndipo vyuo vya ufundi vinapohitajika. Katiba ya 2010 ilivikabidhi vyuo vya ufundi vya vijijini kwa serikali za kaunti, na humo vijana wetu hujifunza ushonaji na utiaji rangi. Inafaa watafiti wapeleke majaribio yao huko. Wanafunzi wayachuje maji ya kazi yao wenyewe, wayapime kabla na baada, na waandike matokeo. Mtahini naye ayatie alama maji yaliyosafishwa kama anavyokitia alama kitambaa. Mtafiti atapata maji halisi ya kuchunguza. Kijana atapata ujuzi wa kuanzisha karakana isiyomdhuru jirani.

Jambo hili haliko mbali nasi. Mwaka wa 2007 Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua kiwanda cha nguo cha Rivatex, mjini Eldoret. Ikiwa chuo kikuu kiliweza kuingia kiwandani, hakiwezi kushindwa kuingia katika karakana ya kijiji.

Kanuni za ubora wa maji zipo, na lazima zifuatwe. Hata hivyo, kanuni humwonya fundi tu. Haimfundishi la kufanya na ndoo iliyo mkononi mwake. Kazi hiyo ni ya mwalimu, na utafiti unaobaki rafuni haumsaidii. Samaki mkunje angali mbichi: kijana azoee kuyasafisha maji angali mwanafunzi, kabla hajazoea kuyamwaga.