Kadenasi kwanza, nyundo nyuma

Kule kwenye mgodi, hatugusi mashini mbele ya kukata umeme na kuweka kadenasi. Sasa juu ya nini, tukifika ku nyumba, tunapigapiga nyundo kwa bunduki ya kuwinda bila kuangalia kama risasi iko ndani? Kipini kikivunjika, wandugu, tufanye vile tulivyozoea ku kazi: risasi zote zitoke, ziende chumba ingine, tuangalie tundu kwa macho na kwa kidole, watoto watoke, tuvae miwani, sababu resori inaruka. Msumari wa kawaida usikamate nafasi ya kipini, unapinda. Na kipini cha pale kidole kinavuta, tupelekee fundi wa silaha. Feza ya fundi haipiti feza ya kilio.