Damu ya mzazi ipimwe, isikisiwe kwa macho

Kasomeno iko kwenye barabara inayotoka Lubumbashi kuelekea Kasenga na Pweto. Mama akijifungua huko usiku na damu ikaanza kumwagika, hospitali kubwa iko mbali, na mkunga aliye naye ndiye wa kuamua haraka: damu hii ni ya kawaida au ni hatari?

Mara nyingi anaamua kwa macho. Anatazama shuka na sakafu, anakisia. Utafiti wa E-MOTIVE, uliotangazwa mwaka 2023, ulionyesha makisio hayo yanakosea kiasi gani. Ulifuatilia wanawake zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Pale palipoendelea na mazoea ya zamani, karibu nusu ya waliovuja damu kupita kiasi hawakutambuliwa. Kwingine mama aliwekewa chini yake plastiki yenye mfuko uliochorwa mistari ya vipimo. Hapo walitambuliwa 93 kati ya 100.

Baada ya kupima, matibabu hayakutolewa moja baada ya jingine huku wakisubiri kuona. Kukanda tumbo la uzazi, dawa ya kulikaza, asidi ya traneksamiki, maji ya mshipa na uchunguzi wa chanzo cha damu, vyote vilianza kwa pamoja. Waliopoteza lita moja au zaidi, waliopasuliwa tumbo kwa ajili ya damu au waliokufa kwayo walikuwa 16 kwa kila 1,000, dhidi ya 43 kwenye hospitali nyingine. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni damu iliyookolewa. Vifo vyenyewe vilikuwa vichache mno kuweza kuthibitisha mengi.

Wapo watakaosema kwamba zile zilikuwa hospitali, si vituo vya afya vya vijijini. Ni kweli. Lakini asiye na chumba cha upasuaji karibu ndiye anayehitaji zaidi kujua mapema, ili gari au pikipiki itafutwe wakati mgonjwa bado ana nguvu.

Ugumu halisi uko kwenye dawa. Oksitosini hutunzwa kwa baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na friji bila umeme ni kabati tu. Asidi ya traneksamiki haihitaji friji, ila inapaswa kutolewa ndani ya saa 3 tangu mama ajifungue.

Mpango wa kujifungua bure ulizinduliwa Kinshasa mwaka 2023. Wizara ya Afya na serikali ya jimbo la Haut-Katanga zinapoagiza vifaa vya uzazi, plastiki ya kupimia na dawa hizo ziwekwe kwenye orodha, na wakunga wa barabara ya Kasenga wafundishwe kuzitumia kabla ya wale wa mjini.