Maghala ya ushirika Mbale: kuta zipo, ufunguo ni wa nani?

MBALE – Mahindi ya msimu wa kwanza mashariki mwa Uganda huvunwa Julai na Agosti, wakati mvua za Mlima Elgon bado hazijaisha. Mkulima huyaanika kwenye turubai, uani au kando ya barabara, na wingu likitanda huyakusanya mbiombio yakiwa nusu yamekauka. Siku hiyohiyo, katika vijiji vingi vya eneo hilo, jengo lililokusudiwa kupokea mazao limefungwa kwa kufuli yenye kutu. Ni ghala la chama cha msingi cha ushirika. Lina sakafu ya saruji, kuta za matofali na mlango mpana wa kupitisha gunia, lakini halina mzigo.

Mazungumzo ya kuyafufua majengo ya aina hii kwa manufaa ya jamii huibuka mara kwa mara, na kwa kawaida huanza na bei ya bati na saruji. Hiyo ni sehemu ndogo ya gharama. Ghala la kijiji hukwama kwa sababu hakuna anayeweza kusema kwa hati kwamba ni lake, wala aliyekubaliwa na wote kushika ufunguo. Hadi maswali hayo mawili yajibiwe, gharama ya mahindi mabichi itaendelea kulipwa na mfanyabiashara mpakani.

Yalivyojengwa, yalivyofungwa

Ushirika wa mazao Uganda ulikuwa na mizizi tangu 1913, wakulima wa Singo walipounda chama chao cha kwanza. Sheria ya mwaka 1946 ikavipa vyama nafasi rasmi, na mwaka 1954 ikaundwa Bugisu Cooperative Union (BCU), iliyoweka makao Mbale na kuuza arabika ya Elgon, mlima ambao wenyeji huuita Masaba. Mpangilio ulikuwa rahisi. Mkulima alipeleka kahawa yake kwenye chama cha msingi, chama kiliipima na kuihifadhi, kisha lori likaipeleka mjini kukobolewa. Ghala la kijiji lilikuwa kituo cha kwanza cha safari hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukiritimba wa bodi ya kahawa ukaondolewa na wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kununua moja kwa moja. Walikuja na fedha taslimu mpaka shambani. Chama kilichozoea kumpa mkulima karatasi na kumwambia asubiri malipo hakikuweza kushindana. Mei 1999 Benki Kuu ya Uganda ikaifunga Benki ya Ushirika, na vyama vingi vikakosa mahali pa kukopa fedha za msimu. Mizani ikatolewa au ikaharibika, walinzi wakaondoka, milango ikafungwa.

Si vyote vilivyokufa. Gumutindo, iliyoanza Mbale mwishoni mwa miaka ya 1990, bado inafuata mpangilio uleule wa zamani: vyama vya msingi mlimani hukusanya kahawa ya wanachama na kuipeleka kwenye ghala la pamoja mjini. Tofauti ni kwamba vyama hivyo ndivyo wamiliki wa kampuni inayouza, na soko lao la nje linataka kujua kila gunia limetoka kwa nani. Jengo la kijiji likiwa na kazi inayolipa, hupata mtu wa kulitunza.

Hasara inayoonekana mpakani

Machi 5, 2021, mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa hoja ya sumukuvu. Zuio lililegezwa siku chache baadaye, lakini kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, mzigo uwe na cheti cha asili ya bidhaa, na uwe na cheti cha kuonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mwaka 2023 Sudan Kusini nayo ilizuia malori ya mahindi na unga kutoka Uganda huko Nimule kwa hoja kama hiyo. Aliyekuwa na lori kwenye foleni siku hizo anajua gharama ya kila usiku wa kusubiri.

Woga wa wakaguzi una sababu. Mwaka 2004 sumukuvu katika mahindi iliua watu 125 katika eneo la Ukambani, Kenya, kati ya wagonjwa 317 waliorekodiwa. Kuvu inayotoa sumu hiyo hupenda unyevu na joto, na mahindi yakiwekwa kwenye gunia kabla ya kukauka huipatia vyote viwili. Ndiyo maana kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5.

Hata sumu isipokuwepo, unyevu wenyewe ni hasara. Chukua lori la tani 10 lililonunuliwa likiwa na unyevu wa asilimia 18. Likikaushwa hadi asilimia 13.5, uzito unashuka hadi kama kilo 9,480. Kilo 520, yaani zaidi ya magunia matano ya kilo 100, zilikuwa maji yaliyolipiwa bei ya mahindi na kusafirishwa kwa nauli ya mahindi. Mnunuzi mwenye uzoefu hulijua hilo na hupunguza bei kwa mkulima ili kujikinga. Mkulima naye, akijua bei itapunguzwa, haoni faida ya kukausha vizuri. Wote wawili wanapoteza.

Ghala la kijiji lenye sakafu kavu, chaga za mbao za kuinua magunia, kipima unyevu na uwanja wa kuanikia lingevunja mzunguko huo mahali unapoanzia. Mzigo ungepimwa mbele ya pande zote mbili kabla ya bei kutajwa.

Waliotangulia wamejifunza nini

Tanzania imelijaribu jambo hili kwa upana zaidi. Vyama vya ushirika vilifutwa mwaka 1976, vikarejeshwa kwa sheria ya 1982, na majengo yao yakapita mikononi mwa wengi. Kisha ikaja Sheria ya Stakabadhi Ghalani ya mwaka 2005. Msimu wa 2007/08 mfumo huo ulianza katika korosho mkoani Mtwara. Mkulima hupeleka korosho kwenye chama cha msingi, zinapimwa na kupangwa madaraja, zinapelekwa ghala kuu lenye leseni, na stakabadhi inayotolewa inaweza kuuzwa au kuwekwa dhamana ya mkopo. Kazi ya chama kijijini ikarudi.

Lakini mfumo huo pia uliwahi kuwachoma watu. Aprili 2013 huko Liwale, mkoani Lindi, wakulima waliopata malipo ya pili madogo kuliko walivyotarajia waliingia barabarani na nyumba zikachomwa moto. Korosho zilikuwa zimehifadhiwa salama. Kilichovunjika ni imani juu ya fedha: nani alikata nini, lini, na kwa idhini ya nani. Ghala lililokarabatiwa vizuri bila hesabu za wazi linaweza kuwa chanzo cha ugomvi kuliko lilipokuwa gofu.

Uganda ilipitisha sheria yake ya stakabadhi za maghala mwaka 2006, na Jinja ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kuwa na ghala la nafaka lenye leseni, la kampuni ya Agroways. Kenya ilifuata kwa sheria ya mwaka 2019. Kwa hiyo nchi zote tatu zina sheria, na zote zina maghala makubwa mijini. Pengo liko kati ya shamba na mji, na hapo ndipo majengo ya ushirika yalipo.

Nafasi ya Malukhu

Malukhu, katika ukanda wa viwanda wa jiji la Mbale, inaonyesha upande wa pili wa hesabu hiyo. Mbale ilipandishwa kuwa jiji Julai 2020. Mji uko kwenye barabara ya Tororo, ambako njia za Malaba na Busia zinafikika kwa urahisi, na Lwakhakha haiko mbali kwa wanaovuka kwenda Bungoma. Reli ya Tororo kwenda Gulu, yenye urefu wa zaidi ya km 370, inapita Mbale, na ukarabati wake ulizinduliwa mwaka 2023 baada ya njia hiyo kulala kwa miaka mingi.

Mji kama huo hauhitaji kila ghala la kijiji liwe na leseni. Ghala dogo haliwezi peke yake kubeba gharama za bima, mkaguzi, mashine ya kukaushia na maabara. Linachoweza ni kukusanya, kukausha na kupima. Magodauni ya mjini, Malukhu na kwingineko, yangepokea mzigo uliokwisha kupimwa, kuuhakiki, kuupanga madaraja na kuutolea stakabadhi. Mnunuzi wa Bungoma au Kisumu angefuata mzigo mmoja wenye karatasi badala ya kuzunguka vijiji ishirini akibahatisha.

Hapo kuna jambo ambalo wafanyabiashara wadogo wanapaswa kulitazama mapema. Utaratibu rahisi wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unamruhusu mtu kuvuka na bidhaa zilizo kwenye orodha ya pamoja, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, kwa cheti rahisi cha asili kinachotolewa mpakani. Mizigo ikikusanywa ghalani na kuuzwa kwa pamoja, thamani huvuka kiwango hicho haraka, na cheti cha kawaida kinahitajika. Kikundi kinachofungua ghala bila kumpata mtu wa kushughulikia karatasi hizo kitakuwa kimehamisha tatizo kutoka kijijini hadi lango la forodha.

Maswali kabla ya kununua bati

La kwanza ni ardhi. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inatambua aina nne za umiliki, na sehemu kubwa ya ardhi ya vijijini mashariki iko chini ya mila. Ikiwa mzee mmoja alitoa kiwanja kwa chama miaka ya 1950 kwa maneno tu, wajukuu wake leo wanaweza kusema kiwanja kilitolewa kwa kahawa, na kahawa imekwisha. Wana haki ya kusikilizwa. Makubaliano ya maandishi na familia hiyo, mbele ya viongozi wa eneo, yanagharimu kidogo kuliko kesi itakayokuja baada ya paa jipya kupigwa.

La pili ni chama chenyewe. Kama bado kimesajiliwa, jengo ni mali ya wanachama wake hata kama hawajakutana kwa miaka mingi. Kama kina madeni, mdai anaweza kutokea siku jengo linapopata thamani. Anayetaka kukodi au kukarabati anapaswa kumuona ofisa wa ushirika kabla ya kumuona fundi.

La tatu ni jengo na mahali lilipo. Mwishoni mwa Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale na watu zaidi ya 20 wakafa. Ghala lililo bondeni litahitaji sakafu iliyoinuliwa, au lisiwekewe nafaka kabisa. Paa la zamani likiwa la asbestosi, kulivunja bila utaalamu kunawahatarisha mafundi na majirani.

La nne ni gumu zaidi kisiasa: je, kijiji kinataka ghala? Jengo lilelile linaweza kuwa darasa, ukumbi wa mikutano au kituo cha chanjo. Mahali ambapo watoto wanasomea chini ya mti, kuwaambia wazazi kwamba mahindi yanahitaji paa kwanza ni hoja isiyosikika vizuri. Baadhi ya majengo haya yatafaa zaidi kwa kazi hizo, na biashara haitapoteza kitu. Yanayofaa kuwa maghala ni machache: yaliyo kwenye barabara inayopitika na lori hata wakati wa mvua, karibu na mazao ya kutosha, na yenye umiliki usio na utata.

Wapo wanaosema ni afadhali kujenga upya kuliko kugombania magofu. Kwa godauni kubwa la mjini hoja hiyo ina uzito. Kijijini, ardhi mpya huleta maswali yaleyale ya umiliki, na gharama ya kuta huongezeka juu yake.

Mfanyabiashara hana haja ya kusubiri mradi wa serikali ili kuanza. Kundi la wanunuzi watano au kumi wanaonunua kutoka eneo moja linaweza kukodi ghala moja kwa msimu mmoja kwa mkataba wa maandishi, likaleta kipima unyevu na turubai, na kutangaza bei mbili: moja ya mahindi yaliyofika asilimia 13.5, nyingine ya mabichi. Kodi ilipwe kwa akaunti ya chama, ubao wa uzito na makato ubandikwe mlangoni, na funguo ziwe mbili, moja kwa chama na nyingine kwa wapangaji, mlango usifunguliwe bila pande zote kuwepo. Msimu ukiisha, wote watajua kama jengo linalipa kodi yake, na mazungumzo ya kupiga bati jipya yatakuwa na hesabu ya kuanzia.