Mchezo wa Kuishi Kizamani
Huko Massachusetts, Marekani, kuna kijiji cha maonyesho kiitwacho Old Sturbridge Village, kilichofunguliwa mwaka 1946, ambamo watu waliozoea umeme na motokaa huvaa mavazi ya miaka ya 1830, wakafua chuma na kupika kwa kuni, nao wageni hulipa kiingilio ili wawatazame. Wala siwalaumu, kwani ujuzi wa mikono aghalabu haupatikani kitabuni. Ama sisi wa Mponela, nchini Malawi, tukiwatafuta walowezi wa karne ile hatuna budi kuelekea Nkhotakota, alikohamia Jumbe Salim bin Abdallah takriban mwaka 1840 akaasisi makao ya Waswahili kando ya Ziwa Nyasa, majahazi yake yakivusha pembe na watumwa hadi ng'ambo. Basi atakaye kuyaigiza maisha yale kwa insafu, pamoja na kanzu na vilemba vyake, na atuambie kwanza ni nani atakayeridhia kuvaa mnyororo. Kule Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, hapana haja ya maigizo: mama wa Kikongo hupepea makaa akasonga ugali, ilhali mwanawe anakanyaga udongo wa matofali, na yule mgeni wa Lilongwe aliyekuja kulala kwao msimu wa Tumaini, tamasha la pale kambini, akizidi kuisifu ladha ya chakula cha makaa, huulizwa kwa taadhima, “Kwani kwenu, mwanangu, umeme haukatiki?”