Mkataba wa Geneva Uanzie Kwenye Tawi



Sisi ni wa mashamba ya chai na maua ya Uganda. Mwezi Juni 2019, Shirika la Kazi Duniani, yaani ILO, lilipitisha mjini Geneva Mkataba Namba 190 wa kukomesha ukatili na unyanyasaji kazini. Uganda iliuridhia Agosti 2023, na tangu Agosti 2024 unaibana serikali yetu. Tulipiga makofi. Lakini makofi hayamzuii nyapara.

Mama mmoja mchuma chai alikuja kwenye tawi letu. Nyapara alikuwa akimtaka, naye alipokataa, kilo zake zikaanza kupunguzwa kwenye mizani. Mezani alikuta wanaume watupu. Alipoanza kueleza, mmoja wetu akacheka. Mama akasema amekuja kuuliza habari za ada tu, akaondoka, hakurudi tena. Kosa la mizani lilikuwa la nyapara. Kosa la kicheko lilikuwa letu sisi wa chama.

Mkataba huu hauishii langoni mwa kiwanda. Unataja mahali tunapolipwa, tunapokula na kupumzika, vyoo na vyumba vya kubadilishia nguo. Unataja nyumba tunazopewa na mwajiri, na safari ya kwenda na kurudi kazini. Yaani unafika kambini na ndani ya lori la alfajiri. Unamlinda mwenye kazi ya kudumu na kibarua wa siku. Tena, hata kabla yake, Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 ilimtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 achukue hatua za kuzuia unyanyasaji wa kijinsia. Karatasi zipo. Kazi ni kuzitumia.

Wengine husema Geneva ni mbali, itatusaidia nini? ILO, tangu 1919, si ya serikali peke yake. Waajiri wamo, na wafanyakazi tumo. Serikali iliyoridhia mkataba hupeleka taarifa ya utekelezaji, na nakala hupewa vyama vya waajiri na vya wafanyakazi. Chama kina haki ya kuandika maoni yake, na wataalamu wa ILO huyasoma pamoja na taarifa ya serikali. Lakini chama kitaandika nini ikiwa tawi halina daftari? Mama yule aliondoka na habari yake, na Geneva haitaijua kamwe.

Kwa hiyo tunasema hivi. Kwanza, kila tawi liwe na kamati ya wanawake, waichague wanawake wenyewe. Pili, kamati iwe na daftari la malalamiko, lenye tarehe na mahali, na itunze siri. Tatu, maneno ya Mkataba 190 yaingizwe katika mkataba wa hali bora, na wanawake wakae kwenye meza ya majadiliano.

Wapo ndugu zetu wanaume wasemao kwamba mambo haya yanakigawa chama. La. Kinachokigawa chama ni kicheko kile.

Wenzetu wa nchi jirani, ulizeni makao makuu ya chama chenu: nchi yetu imeuridhia Mkataba 190? Kama bado, daini. Kama tayari, ulizeni daftari la tawi liko wapi.

Umoja ni nguvu, na umoja bila wanawake ni nusu.