Tumtegemee Nani?

Wanafunzi wenzangu, nasikia wengi wetu wakisema hawana hofu ya maisha baada ya shule, kwa kuwa wana mjomba ofisini au rafiki wa baba mwenye cheo. Maoni yangu ni kwamba Mkristo aliyeweka tumaini lake lote kwa mtu amejenga juu ya mchanga. Mjomba aweza kuhamishwa, kustaafu au kufa. Tena anayemtegemea mtu humwogopa, asiweze kumwambia ukweli akikosea.

Yafaa tumwangalie George Müller, mzaliwa wa Prussia, aliyefungua nyumba ya yatima mjini Bristol, Uingereza, mwaka 1836. Hakuwaomba watu fedha wala hakukopa. Haja zake alimweleza Mungu. Alipofariki mwaka 1898, yatima waliotunzwa katika nyumba zake walikuwa wamepita 10,000.

Huenda mwenzangu akauliza, "Je, fedha hizo hazikutoka mikononi mwa watu?" Naam, zilitoka kwa watu. Lakini mtoaji mmoja akikoma, kazi haikukoma, maana tumaini la Müller halikuwa kwa mtoaji. Wala hakukaa bure: aliweka hesabu zake vizuri na kutoa taarifa kila mwaka.

Basi, tusiwadharau watu. Tuwapende, tupokee msaada wao na kuwashukuru, ila tusiwafanye miungu. Nasi tusome kwa bidii, kwani kumtegemea Mungu si kukunja mikono.