KILEMBA SI KOSA LA KAZI

Ndugu wanachama wa Meru na Embu,

Mwenzetu mmoja, Mkorino, mama wa watoto watatu, alifika kazini saa moja asubuhi kama siku zote. Mnyapara alimsimamisha langoni akamwambia avue kilemba au arudi nyumbani. Hakuvua. Alirudi nyumbani, akakaa siku tisa bila kazi na bila mshahara. Jina la tajiri hatulitaji, kwa kuwa shauri bado liko mezani, na tena si yeye peke yake afanyaye hivyo.

Twauliza: kilemba kile kilipunguza nini? Mama huyu amefunga pakiti mahali pale kwa miaka minne, na kilemba kilikuwa kichwani siku ya kwanza alipoandikwa. Pakiti zake hazikupungua uzito wala hakuchelewa. Kilemba hakikuwa na hatia mpaka alipofika meneja mpya na karatasi yake yenye maneno "sura ya kampuni". Basi, sura ya kampuni ni nini kama si sura za watu wanaoifanyia kazi?

Wako wanachama wanaosema, "Hayo ni mambo ya Wakorino, sisi hayatuhusu." Ndugu, fikirini tena. Leo ni kilemba. Kesho ni mtandio wa dada Mwislamu. Kesho kutwa ni rozari ya Mkatoliki, Jumamosi ya Mwadventista, nywele za Rasta. Tajiri akishapata ruhusa ya kuingia katika dini ya mtu mmoja, mlango umekwisha kuvunjika kwa wote.

Wazee walituhadithia habari za kipande. Kuanzia mwaka 1920 hivi, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kwenda na kipande chake, akakitia katika kikebe cha chuma na kukitundika shingoni. Siku zile hakutokea tajiri aliyesema kwamba kitu cha kuning'inia shingoni ni hatari kazini au chaharibu sura. Alichotundikiwa mtu kwa lazima kilikuwa kizuri, na leo anachokivaa kwa imani yake kimekuwa kibaya. Na Wakorino wayajua mambo haya kuliko sisi. Mwaka 1934 watatu katika wale waumini wa kwanza walipigwa risasi na polisi wa serikali ya kikoloni katika msitu wa Ndarugu. Watu ambao risasi haikuwatoa katika imani yao, mnyapara wa lango atawatoa kwa karatasi?

Sasa tuitazame sheria, maana matajiri wengi wapenda sana tusiisome. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 32, yasema kila mtu ana uhuru wa dini, na kwamba mtu hawezi kunyimwa kazi kwa sababu ya imani yake, wala kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume cha imani hiyo. Kifungu cha 27 chakataza ubaguzi, na katika orodha yake limo neno dini na limo neno mavazi pia. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, yakataza kumbagua mfanyakazi kwa dini, na shauri likifika mahakamani, tajiri ndiye apaswaye kuthibitisha kwamba hakubagua. Kifungu cha 46 chasema dini si sababu ya haki ya kumfukuza mtu. Na kifungu cha 41 chasema kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa, ni lazima aelezwe kosa hilo kwa lugha anayoifahamu, mwenziwe au mwakilishi wa chama akiwapo.

Lakini ndugu, sheria haitembei yenyewe. Tazameni shauri lililoanzia hapa kwetu. Mwaka 2014 palitokea ugomvi wa hijabu na suruali nyeupe za wasichana Waislamu katika shule ya sekondari ya St. Paul's Kiwanjani, Isiolo, shule iliyodhaminiwa na Kanisa la Methodisti. Kanisa lilikwenda Mahakama Kuu ya Meru, na mwaka 2015 likashinda. Mzazi mmoja akakata rufani, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ikawapa wasichana haki ya kuvaa. Kisha mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikaiondoa hukumu hiyo. Kwa nini? Majaji wengi hawakusema kwamba hijabu ni kosa. Walisema dai la mzazi liliingizwa katika kesi kwa njia isiyo sawa, kwa hiyo neno lenyewe halikuamuliwa. Miaka mitano ya mahakama ikaanguka kwa sababu ya njia ya karatasi!

Hapo pana mafunzo mawili. La kwanza, haki hii yaweza kupatikana: mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliitambua haki ya wanafunzi Waadventista kushika Sabato yao, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba msichana Rasta asifukuzwe shule kwa ajili ya nywele zake. La pili, dai lisiloandikwa vizuri ni sawa na maji katika pakacha. Mama yetu wa langoni hakupewa barua. Aliambiwa kwa mdomo tu. Ndiyo sababu twasema: usiondoke langoni bila kumwita mwakilishi wa chama, na bila kuandika siku, saa na maneno yaliyosemwa.

Sisi si watu wa kubisha bila akili. Iko kazi ambayo vazi lina hatari yake. Katika kiwanda cha majani chai, nguo inayopeperuka karibu na mashine yaweza kumvuta mtu mkono au kichwa. Hatutaki mwanachama afe kwa ajili ya ncha ya mtandio. Huko Ulaya, mwaka 2013, mahakama ya haki za binadamu iliamua mashauri mawili ya Uingereza siku moja. Nadia Eweida, karani wa shirika la ndege la British Airways, alikatazwa kuonyesha msalaba mdogo kwa sababu ya sura ya shirika. Huyo alishinda. Shirley Chaplin, mwuguzi, alikatazwa mkufu wa msalaba kwa kuwa mgonjwa angeweza kuuvuta au ungegusa kidonda. Huyo alishindwa. Msalaba ni mmoja, ila sababu ni mbili. Hatari ya kweli ni sababu. "Sura" si sababu.

Na hata penye hatari, dawa si kufukuza. Kilemba chaweza kufungwa kikakaza. Mtandio waweza kuchomekwa ndani ya koti. Kofia ya usafi yaweza kuvaliwa juu. Tajiri akitaka rangi moja, na atoe kitambaa cha rangi hiyo.

Sasa neno kwetu sisi wenyewe, nalo ni chungu. Siku mama yule aliporudishwa, wako wenzetu waliocheka. Na wako walioona ni vizuri meneja anapowapanga watu wote asubuhi kwa maombi ya lazima, kwa kuwa maombi ni ya dini yao. Ndugu, kumlazimisha mtu aombe ni ndugu wa kumkataza asivae. Katiba ile ile yakataza yote mawili. Anayetaka kuomba na aombe, na asiyetaka aachwe asimame kando bila kuandikwa jina. Chama hiki si kanisa wala msikiti. Humu twaingia kwa jasho letu, na jasho halina dhehebu.

Kwa hiyo twadai haya kwa kila tajiri wa Meru na Embu:

1. Amri yoyote ya mavazi iletwe kwa chama kwanza, kwa maandishi, pamoja na sababu yake.
2. Asemaye "hatari" aonyeshe hatari yenyewe, mahali penyewe, na atafute njia nyingine kabla ya kukataza.
3. Maombi kazini yawe ya hiari.
4. Anayeshika Jumamosi au Ijumaa apangiwe zamu kwa mashauriano. Sheria yampa kila mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika siku saba. Tajiri hapotezi kitu akikubali siku hiyo iwe ya ibada yake.
5. Mama yetu arudi kazini na kilemba chake, na alipwe siku zake tisa zote.

Tusiposimama kwa ajili ya siku hizi tisa, tutakuwa tumemfundisha tajiri kwamba unga wa watoto watosha kumvua mtu dini yake. Njooni mkutanoni, Mkristo, Mwislamu, Mkorino na asiye na dini. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Umoja ni nguvu.